Pamba Meza ya Krismasi kwa Mali ya Shamba Lako
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu mkulima, na wewe mama wa nyumbani,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za ng'ombe wa maziwa, viazi, mbolea na dawa za kunyunyizia. Hayo yote ni ya nje. Leo naomba tuvue viatu vyenye matope, tuingie ndani, tuketi mezani. Krismasi yakaribia. Watoto walio kazini mijini watarudi nyumbani, wakwe watakuja, majirani watapita kusalimu, na wote hao watalishwa kwenye meza ile ile ambayo siku nyingine watoto huisomea na mama huwekea ndoo ya maziwa.

Labda utacheka na kuniuliza, "Bwana karani, meza ya mkulima yahitaji mapambo ya nini? Si chakula tu?" Swali lako ni zuri. Chakula ndicho cha kwanza, sikatai. Lakini meza iliyotandikwa vizuri humwambia mgeni kwamba alikuwa akingojewa, hata kabla hujafungua kinywa kumkaribisha. Na jambo ninalotaka kukuonyesha leo ni hili: heshima hiyo hainunuliwi dukani. Iko shambani mwako, kwenye ua wa boma lako na ndani ya sanduku lako la nguo. Haifai kukopa pesa kwa ajili yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilisomea ualimu kabla sijaingia kazi ya ofisi, na huko tulifundishwa kwamba mwalimu asiyekubali makosa yake hasikilizwi na wanafunzi. Basi nitaanza na kosa langu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, wakwe zangu walituma habari kwamba watakula Krismasi kwetu. Shamba letu liko Nyandarua, katika skimu, nalo tulirithi kwa babu. Niliposikia habari hiyo niliona haya. Nilidhani wakwe wataitazama meza yetu ya mbao na kusema moyoni kwamba binti yao ameolewa penye shida. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununulia mbegu safi za viazi kwa mvua ya mwezi wa Machi. Nikaichukua akiba ile, nikaenda mjini, nikarudi na nyuzi za karatasi za kung'aa, maua ya plastiki, kitambaa cha meza cha nailoni na glasi kumi na mbili. Pesa zilipokwisha, nikachukua keki kubwa kwa deni.

Siku ikafika. Meza yetu iling'aa kama dirisha la duka. Wakwe walikula, wakashukuru kwa adabu. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliona kwamba upande mmoja wa meza haukuwa na kitu. Bila kuambiwa na mtu alikwenda nje, akachuma maua machache ya pareto na tawi la saipresi, akayatia ndani ya kikombe cha bati, akakiweka mbele ya mama mkwe. Mama alikishika kile kikombe akauliza, "Ni nani aliyeniwekea haya?" Mtoto akajificha nyuma ya mlango. Mama akamwita, akamketisha karibu naye, wakala pamoja mpaka mwisho. Juu ya nyuzi zangu za kung'aa hakusema neno.

Machi ikaja na mvua yake. Ekari moja ya viazi yahitaji mifuko kama 16 ya mbegu, kila mfuko kilo 50. Mimi sikuwa na pesa hata za mfuko mmoja wa mbegu zilizothibitishwa. Nikapanda viazi vilivyobaki ghalani. Kumbe vilikuwa na ugonjwa wa mnyauko. Ugonjwa huo unaweza kukaa ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa, usijulikane mpaka mimea ianze kulegea kana kwamba imekosa maji, na huku udongo umelowa. Nilivuna kidogo mno. Tena ugonjwa huo hubaki udongoni, na kipande kile kikanibidi nikiache bila viazi kwa misimu kadhaa. Mapambo ya siku moja yalinila mavuno, yakanila na udongo pia.

Mama watoto hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwaka ujao meza niachie mimi." Maneno yanayofuata ni yale niliyojifunza kwake, pamoja na machache niliyoyajua kwa kazi yangu.

WAZEE WETU WALIANZA NA MBAO

Ilipoanza skimu ya Ekari Milioni Moja mwaka 1962, jamaa karibu 35,000 walipata mashamba katika nchi iliyokuwa ya walowezi wa Kizungu. Wengi waliingia na deni la ardhi mgongoni, nyumba hawana, ng'ombe hawana. Baba hunisimulia kwamba Krismasi ya kwanza katika shamba letu haikuwa na meza. Babu alilaza mbao mbili juu ya masanduku, nyanya akatandika leso aliyoifua jana yake, na katikati akaweka bakuli la minji mbichi ili watoto wamenye na kula huku wakingoja nyama. Mpaka leo baba akiwa mzee huisifu meza ile. Babu angekopa ili kuipamba, deni la pili lingepanda juu ya lile la kwanza.

Wako wanaosema kwamba maua na majani ya Krismasi ni mambo ya Wazungu tu. Si hivyo. Lile ua jekundu tunaloliita ua la Krismasi asili yake ni Meksiko. Wenyeji wa huko walilijua na kulitumia kutengenezea rangi nyekundu zamani sana, kabla balozi wa Marekani aitwaye Joel Roberts Poinsett hajalipeleka kwao katika miaka ya 1820. Hata saipresi iliyopandwa sana katika nyua zetu asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Kila watu hupamba kwa mimea iliyo karibu nao. Nasi tufanye vivyo hivyo.

1. ANZA WIKI MBILI MBELE

Usingoje asubuhi ya Krismasi. Wiki mbili mbele kagua meza yako. Mguu unaocheza ugongomee msumari. Isugue meza kwa maji ya moto, sabuni na mchanga laini, kisha ikaushe juani. Ikiwa wageni ni wengi kuliko meza, tafuta mbao na masanduku imara, au azima meza ya jirani, na mwaka ujao umwazime yako.

Kisha chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika "Vilivyopo," upande wa pili "Vya kununua." Jaza kwanza upande wa vilivyopo. Utastaajabu jinsi upande wa pili utakavyokuwa mfupi. Sisi mwaka jana tuliandika upande huo vitu viwili tu: mishumaa na sabuni ya kunawia mikono.

2. KITAMBAA

Kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi chashinda kitambaa cha bei kubwa chenye mikunjo. Ikiwa huna kitambaa kirefu, tandika leso mbili za rangi zinazopatana, zikutane katikati ya meza, na juu ya kiungo hicho ulaze kimoja cha vile vitambaa vya kufuma vilivyo juu ya viti. Akina mama wengi wanajua kufuma. Kazi hiyo ilifundishwa sana katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, na wengi walifundishwa na mama zao. Kazi ya mikono yako haina sababu ya kufichwa siku wageni wanapokuja.

Angalia kitambaa kisining'inie mpaka kwenye magoti. Mtoto mdogo akikivuta, supu ya moto itamwangukia. Shibiri moja chini ya ukingo wa meza yatosha.

3. MAJANI MABICHI

Saipresi yafaa sana kwa sababu inanukia na haifi upesi. Lakini ikate kwa akili. Kata ncha changa tu, zile za kijani. Ukikata mpaka ndani, kwenye mti mkavu usio na majani, saipresi haichipui tena hapo, na ua wako utabaki na tundu ambalo mbuzi wa jirani atalitumia. Wala usiende kukata matawi katika msitu wa serikali bila ruhusa, kwa maana ni kosa kisheria, na miti michanga ikikatwa vichwa haitanyooka tena.

Laza matawi hayo katika mstari mmoja katikati ya meza, yapishane kidogo kama vigae vya paa. Yasijae mpaka yakazuia sahani.

4. MAUA

Chuma maua asubuhi na mapema, umande ungalipo, au jioni jua likiisha kupoa. Nenda na ndoo ya maji mkononi, uyatie maji papo hapo. Ukifika nyumbani, kata tena ncha za vikonyo kwa kisu kikali, ukikata kwa mshazari, uondoe majani yote yatakayozama ndani ya maji, kwa sababu yakioza hufupisha maisha ya maua. Badilisha maji kila siku. Ukifanya hivyo, maua yaliyochumwa tarehe 24 yataweza kuwapokea hata wageni wa Mwaka Mpya.

Ikiwa shamba lako liko mahali penye joto kiasi na una lile ua jekundu la Krismasi, jua kwamba kikonyo chake hutoa maziwa na ua hunyauka haraka. Pitisha ncha iliyokatwa katika mwali wa moto kwa muda mfupi mpaka maziwa yakome, ndipo ulitie katika maji. Nawa mikono baadaye, kwa maana maziwa hayo huwasha ngozi za watu wengine. Kwetu juu, ambako umande huganda usiku, ua hilo halistawi vizuri. Sisi hutumia maua meupe ya mtaroni, yale yenye umbo la faneli na ulimi wa manjano katikati, na maua ya pareto kidogo.

Sasa jambo la urefu. Keti, weka kiwiko chako mezani, usimamishe mkono. Maua yasipite kifundo cha mkono wako. Yakipita hapo, baba mkwe hatamwona mwanawe aliyeketi upande wa pili, nao wamekuja kuonana. Afadhali vikombe vitatu vidogo kuliko kichaka kimoja kikubwa.

5. MATUNDA NA MBOGA

Pambo ambalo mkulima anaweza kuliweka kuliko mtu wa mjini ni mazao yake mwenyewe. Chukua ungo au sinia. Panga karoti zilizooshwa pamoja na majani yake, vitunguu vyekundu, plamu zilizoiva, minji katika maganda yake, na hindi moja au mawili yaliyofunuliwa maganda nusu. Ungo huo ukiwekwa mwisho wa meza utawafanya wageni waulize habari za shamba, na hayo ni mazungumzo mazuri kwa chakula. Tena hakuna kitakachotupwa. Plamu zitaliwa baada ya nyama, na karoti zitaingia katika supu ya kesho.

6. SAHANI NA MAHALI PA WATU

Sahani zisipofanana usihuzunike. Panga zinazofanana upande mmoja, nyingine upande wa pili, zipokezane kwa mpango. Chapati zifunikwe kwa kitambaa safi, wala zisiachwe wazi kwa nzi. Mtoto mmoja apewe kazi ya birika, beseni na sabuni, apitie kila mgeni kabla ya chakula. Watoto wenye umri wa kwenda shule waweza kuandika majina ya wageni katika vipande vya karatasi, kimoja kwa kila sahani. Nyanya aliyewekewa jina lake, hata kama hajui kusoma, atamwomba mjukuu amsomee, na karatasi ile ataondoka nayo.

Watoto wadogo wakitandikiwa mkeka, nao wawekewe kikombe chao cha maua. Sikukuu ni yao kuliko yetu.

TAHADHARI

Hapa naomba usome polepole, kwa maana haya yanaweza kuleta msiba siku ya furaha.

Kwanza, usitumie kamwe chupa au mkebe wa dawa ya kunyunyizia kuwa chombo cha maua, hata ukiuosha mara kumi. Leo una maua, kesho mtoto atautilia maji ya kunywa. Mikebe hiyo ioshwe mara tatu kwa maji yatakayomwagwa katika pampu ya kunyunyizia, kisha itobolewe ili isitumike tena, ikusanywe mbali na nyumba na kupelekwa inakopokelewa.

Pili, usichume yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, meupe au ya manjano, yanayonukia sana usiku. Ni mazuri kwa macho, lakini jani, ua na mbegu zake zote ni sumu kali. Yasifike mezani hata kidogo. Na yale meupe ya mtaroni niliyoyataja, yakae chomboni tu, yasiguse chakula, kwa sababu utomvu wake huchoma kinywa. Pareto nayo huwasha ngozi na pua za watu wengine. Iweke kidogo, mbali na sahani.

Tatu, mshumaa usisimamishwe katikati ya matawi. Saipresi ikianza kukauka hushika moto kwa haraka mno. Utie mshumaa ndani ya gilasi au mkebe wenye mchanga, kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na pazia na mbali na mikono ya watoto, na uzimwe kabla mtu wa mwisho hajatoka chumbani.

Nne, maua yaliyonyunyiziwa dawa karibuni yasiingie nyumbani. Ikiwa hukumbuki siku uliyonyunyizia, acha kuyachuma.

BAADA YA SIKUKUU

Watu wengi hukusanya majani makavu wakawatupia ng'ombe. Usimpe ng'ombe mwenye mimba matawi ya saipresi. Miti mingine ya jamii hiyo imejulikana kuwafanya ng'ombe watupe mimba. Yaache yakauke uyatumie kuwashia moto wa jikoni. Maua yaende katika shimo la mboji. Na ikiwa kuna nyuzi za plastiki, karatasi za kung'aa au mifuko, zikusanye zote mpaka ya mwisho. Ng'ombe hachagui. Akimeza plastiki hujikusanya tumboni mwake, haitoki, naye hukonda na maziwa hupungua, na mwisho wake anaweza kufa.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kama tulivyokuwa tukifanya darasani, tumalize kwa maswali. Yasomeni nyumbani kwa sauti, baba, mama na watoto, kabla ya tarehe 20 Desemba.

Je, pesa za mbegu za Machi ziko mahali pake, au tumezigusa?
Je, karo ya Januari imetengwa?
Je, tuna deni la shamba au la chama cha ushirika ambalo lapaswa kulipwa kwanza?
Je, katika karatasi yetu, upande wa "Vya kununua" una kitu ambacho shamba lingeweza kutupa?

Mkiweza kujibu hayo bila kutazamana kwa aibu, basi tandikeni meza kwa furaha.

Yule mdogo wangu amekuwa mwanamke sasa, ana nyumba yake mwenyewe. Mama mkwe angali hai, na kila Krismasi anapokuja kwetu hukitafuta kwa macho kile kikombe cha bati kabla hajaketi. Kimebanduka rangi upande mmoja, mpini wake umelegea. Mama watoto amekataa kukitupa. Mwaka huu pia tutakitia pareto na tawi la saipresi, tukiweke pale pale mbele yake, na mbegu za Machi zimekwisha lipiwa.

Nawatakieni Krismasi njema, ninyi na mifugo yenu.